Mgonjwa mahututi anapokataa chakula: Tumsikilize kabla ya kumkaripia

Ndugu msomaji, imekuwa ni kawaida yetu kwamba mtu akilazwa hospitali, swali la kwanza tunalouliza ni hili: "Amekula?" Tukiambiwa amekula tunashukuru. Tukiambiwa hajala tunaanza kutafuta wa kumlaumu. Mara tunawalaumu wauguzi kuwa hawamjali, mara tunamlaumu mgonjwa mwenyewe kuwa ni mkaidi au amejikatia tamaa. Ni mara chache sana tunauliza swali la pili, ambalo ndilo lenye faida: "Kwa nini hajala?"

Makala hii inamhusu mgonjwa aliyeko katika chumba cha wagonjwa mahututi, kile tunachokiita ICU. Rai yangu ni kwamba wagonjwa wengi wa chumba hicho hawakosi chakula tu, bali wanakosa mtu wa kuwaondolea kile kinachowafunga mdomo. Kinachowafunga mdomo mara nyingi kimo moyoni na akilini. Tukiendelea kupeleka uji bila kulishughulikia hilo, tutaendelea kurudi nyumbani na chupa zilizojaa.

Nimelazimika kuandika haya kutokana na yaliyonikuta mwenyewe.

Yaliyomkuta mjomba

Mjomba wangu, mzee wa miaka 67, alifanyiwa upasuaji wa dharura baada ya utumbo kutoboka. Alikaa ICU siku tisa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, analishwa kwa mpira wa puani. Siku ya kumi alitolewa mrija wa kooni. Daktari akamjaribu kwa maji ya kijiko, akaona anameza vizuri, akaturuhusu tulete uji mwepesi. Nyumba nzima ilifurahi. Tulidhani kazi imekwisha.

Siku ya kwanza alikunywa vijiko vitatu akageuza uso. Siku ya pili vijiko viwili. Siku ya tatu alifumba mdomo kabisa. Tulibadilisha uji wa ulezi tukaleta wa mchele, tukaleta supu, tukaleta maziwa. Hakuna alichokitaka. Tulikuwa tunaruhusiwa kuingia kwa dakika kumi na tano tu, mchana na jioni, na dakika hizo zote tulizitumia kumkaripia. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alimwambia: "Wewe unataka kutuzika sisi kwa majonzi?" Mimi nami nilimwambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka naona haya.

Siku ya nne alikuwapo zamu muuguzi mwanamume, kijana tu. Alivuta kiti akakaa. Kabla ya kushika kijiko alimsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," alijibu mjomba kwa sauti ya kukwaruza.

"Mzee, uji huu una ubaya gani?"

"Uji hauna ubaya."

"Basi wewe una nini?"

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema polepole: "Nikila nitakwenda haja. Nikienda haja wanakuja kunigeuza wale mabinti, nami ni babu yao. Halafu tangu nimelala hapa sijui kama nina tohara au sina. Sijasali. Bora nisile."

Ndugu msomaji, sisi tulioleta supu na maziwa tulisimama pale kama nguzo. Kwa siku tatu mzee alikuwa anajinyima chakula ili asijichafue mbele ya wasichana wa umri wa wajukuu zake. Hakuwa mkaidi. Alikuwa analinda heshima yake kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, maana mikono haikuwa na nguvu, miguu haikuwa na nguvu, lakini mdomo alikuwa bado anaweza kuufumba.

Kwa nini chakula ni suala la uhai

Wapo watakaosema kwamba siku tatu za kutokula si kitu, kwani mtu hufunga mwezi mzima. Hilo ni kosa. Mtu mzima wa afya akifunga, mwili wake unatumia akiba kwa utaratibu, na jioni anafuturu. Mgonjwa mahututi mwili wake uko vitani. Homoni za mshituko na uvimbe wa ndani huufanya mwili uvunje misuli yake wenyewe ili upate protini ya kupambana na ugonjwa na kuponya vidonda.

Kasi ya jambo hili inatisha. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2013 ulipima msuli wa paja wa wagonjwa 63 wa ICU. Kufikia siku ya kumi msuli huo ulikuwa umepungua kwa wastani wa karibu asilimia 18. Hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya msuli ndani ya siku kumi! Misuli ya kuvuta pumzi nayo hudhoofika, na ndiyo maana wengine hushindwa kuachana na mashine. Misuli ya kukohoa ikidhoofu, makohozi hukaa kifuani na kuleta nimonia. Kidonda cha upasuaji huchelewa kufunga, na mgongo hupata vidonda vya kulalia.

Kwa sababu hiyo, jumuiya ya wataalamu wa lishe ya tiba ya Ulaya, inayojulikana kwa kifupi ESPEN, katika mwongozo wake uliochapishwa mwaka 2019 ilisema kwamba kila mgonjwa anayekaa ICU zaidi ya saa 48 ahesabiwe kuwa yumo katika hatari ya utapiamlo. Mwongozo huohuo unataka asiyeweza kula kwa mdomo aanze kulishwa kwa mpira mapema, ndani ya saa 48, pale ambapo hali yake inaruhusu. Lakini unatahadharisha pia kwamba asijazwe kupita kiasi siku za mwanzo, bali chakula kiongezwe hatua kwa hatua. Hivyo wale wanaodhani dawa ni kumshindilia mgonjwa, nao wamekosea.

Hatari nyingine iko pale tunapodhani kuwa mambo yamekwisha. Mpira ukitolewa na mgonjwa akaambiwa ale mwenyewe, ndipo anapokula kidogo zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 50 waliotolewa mrija wa kupumulia na kuanza kula kwa mdomo. Kwa siku zote saba walizofuatiliwa, wastani wa chakula walichokula haukuzidi nusu ya mahitaji yao. Na hao walikuwa katika hospitali yenye jiko na maafisa lishe wake. Je, sisi ambao mara nyingi uji wa mgonjwa unatoka nyumbani kwa daladala?

Mambo yanayomfunga mgonjwa mdomo

Kwanza tuseme wazi kwamba si kila asiyekula ana tatizo la moyo. Zipo sababu za mwili ambazo daktari lazima azitazame mwanzo: maumivu, kichefuchefu kinacholetwa na dawa, tumbo kujaa au kufunga choo, vidonda vya mdomoni, utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi, na koo lililoumizwa na mrija kiasi kwamba kumeza kunampalia. Meno ya bandia yaliyowekwa kabatini na kusahauliwa nayo ni sababu. Hayo yakishatazamwa, ndipo tugeukie mambo yafuatayo.

Jambo la kwanza ni hofu. Chumba kile hakina usiku wala mchana. Taa zinawaka, mashine zinalia, jirani wa kitanda cha pili anafariki mbele ya macho yako. Mtu mwenye hofu kubwa tumbo lake nalo hufunga: hamu ya kula hukatika, chakula hukawia tumboni, kichefuchefu huja. Kila mmoja wetu aliyewahi kungojea matokeo ya mtihani au habari ya msiba analijua hilo. Huyu yeye anangojea uhai wake.

Jambo la pili ni kuchanganyikiwa. Hapa simaanishi wazimu. Ni hali ya ubongo kuvurugika kwa muda kutokana na ugonjwa mkali, homa, dawa za usingizi na kukosa kulala. Mwaka 2004 madaktari wa Nashville, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 224 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na 183 kati yao walipatwa na hali hiyo wakiwa ICU. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuona wadudu ukutani, kuamini kuwa ametekwa, au kusadiki kwamba maziwa yanayopita kwenye mpira ni sumu. Mwingine hapigi kelele hata kidogo. Amelala kimya, hatazami, hajibu, na sote tunamsifu kuwa ametulia. Huyu mkimya ndiye anayesahaulika zaidi, na ndiye ambaye kijiko kikiletwa hafumbui hata mdomo.

Jambo la tatu ni kiu. Mtu anaweza kushangaa kiu inaingiaje katika mambo ya moyo. Lakini mwulize aliyelazwa ICU akwambie. Watafiti wa California waliochapisha kazi yao mwaka 2010 waliwauliza wagonjwa 171 wa ICU waliokuwa katika hatari kubwa ya kufa nini kinawasumbua. Katika tathmini walizofanya, kiu ilitajwa kwa asilimia 71 na wasiwasi kwa asilimia 58. Mtu ambaye mdomo wake umekauka kama ngozi ya ngoma, na kila akiomba maji anaambiwa "bado", hufikia mahali akaacha kuomba. Akishaacha kuomba maji, na chakula pia hakitaki.

Jambo la nne ni aibu, na huyo ndiye mjomba wangu. Katika jamii zetu mzee kufunuliwa na kusafishwa na watoto ni jambo zito. Mama kadhalika, kusafishwa na mwanamume asiyemfahamu ni mtihani mkubwa. Wengi hawasemi. Wanapunguza kula tu, kwa sababu wamepiga hesabu kwamba kidogo kinachoingia ndicho kidogo kinachotoka.

Jambo la tano ni huzuni na kukata tamaa. Huyu anafikiria deni la hospitali, shamba lililouzwa, watoto waliorudishwa shule. Anasikia jamaa wakinong'onezana gharama pembeni ya kitanda wakidhani amelala. Akilini mwake kila kijiko cha supu ni gharama, na kila siku anayoongeza kuishi ni mzigo kwa wanawe. Ukimwambia "kula upone", wewe unaona unampa matumaini, kumbe yeye anasikia "ishi uzidi kutufilisi".

Makosa yetu sisi jamaa

Kinachosikitisha ni kwamba tunapoona hali hiyo tunafanya mambo yanayoizidisha. La kwanza ni kukaripia. Karipio humuongezea mgonjwa hofu, na hofu ndiyo iliyomfunga tumbo tangu mwanzo.

La pili ni kulazimisha. Kumbana mgonjwa pua au kumsukumia kijiko kunaweza kumuua, kwa sababu chakula kikipotea njia huingia mapafuni. Mtu aliyekaa na mrija wa kooni kwa siku kadhaa anaweza kupoteza uwezo wa kumeza kwa muda, na wakati mwingine chakula kikaingia mapafuni pasipo hata kukohoa. Kwa hiyo asipewe chochote kwa mdomo, hata kijiko cha maji ya zamzam, mpaka muuguzi au daktari aseme amejaribiwa na anameza. Naye akila awe amekalishwa, si amelazwa chali. Anayelishwa kwa mpira kichwa chake kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45.

La tatu ni uchafu. Uji uliokaa kwenye chupa ya plastiki tangu alfajiri hadi saa nane mchana katika joto letu hili si chakula tena, ni sumu kwa mtu ambaye kinga yake imekwisha. Uji upikwe na kuiva, uwekwe kwenye chupa safi yenye kifuniko, na uliobaki umwagwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa.

Nini kifanyike

Ama kwa upande wa hospitali, ninayopendekeza hayahitaji mashine wala mfadhili.

Kwanza, katika karatasi ile inayoandikwa kila saa kiasi cha maji na chakula kilichoingia, uongezwe mstari mmoja: "Sababu ya kutokula kama alivyoeleza mgonjwa." Muuguzi akilazimika kuujaza mstari huo, itabidi amuulize. Asiyeweza kusema kwa sababu ya mrija ajibu kwa kukonyeza jicho au kubana mkono: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ubao wenye picha chache, yaani kikombe, kitanda, uso wenye maumivu, choo na mswala, unachorwa kwa kalamu na kipande cha boksi.

Pili, kila zamu ipime kama mgonjwa amechanganyikiwa. Kipo kipimo kifupi kilichotengenezwa kwa ajili ya ICU tangu mwaka 2001, nacho kinamfaa hata mgonjwa asiyeweza kuzungumza. Aliyechanganyikiwa asiulizwe "kwa nini hutaki kula" kana kwamba ni mtu wa kawaida. Aelezwe polepole yuko wapi, leo ni siku gani, nani yuko mbele yake. Arudishiwe miwani yake na kifaa cha kusikia kama anacho. Taa zipunguzwe usiku. Aachwe alale.

Tatu, kinywa kisafishwe. Watafiti walewale wa California walionyesha mwaka 2014 kwamba kumpulizia mgonjwa maji baridi kidogo mdomoni, kumfuta kinywa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kumpaka mafuta midomoni hupunguza kiu kwa kiasi kikubwa. Hakuna hospitali isiyoweza kufanya hivyo. Kinywa kikinuka na kukauka, hata biriani haliliki.

Nne, stara. Pazia livutwe. Mzee ahudumiwe na mwanamume na mama ahudumiwe na mwanamke kila inapowezekana. Pasipowezekana, aambiwe kabla ya kuguswa na aombwe ruhusa, hata kama anaonekana hasikii. Na aelezwe na mtu anayemwamini kwamba hali yake ina hukumu zake: mgonjwa asiyeweza kutumia maji hutayamamu, asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala. Kwa mgonjwa kama mjomba, maneno hayo yana uzito kuliko supu.

Tano, jamaa mmoja aruhusiwe kuingia wakati wa chakula. Awe ni huyohuyo kila siku, afundishwe kunawa na kulisha, akae nusu saa. Najua hoja zinazotolewa: vyumba ni vidogo, wauguzi ni wachache, jamaa huleta vijidudu na kelele. Hoja hizo zina msingi, na mimi sitaki ukoo mzima uhamie ICU. Lakini tutazame walivyoona wenzetu wa Brazil. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti katika ICU 36 za nchi hiyo, ukilinganisha utaratibu wa saa chache na ule wa kuruhusu jamaa kukaa hadi saa 12 kwa siku. Maambukizo hayakuongezeka. Ni kweli kwamba kuchanganyikiwa kwa wagonjwa hakukupungua kama ilivyotarajiwa, ila wasiwasi na huzuni ya jamaa vilipungua. Na jamaa asiye na wasiwasi hakaripii.

Ukweli usemwe pia kwamba si kila mazungumzo na mgonjwa ni dawa. Katika ICU 24 za Uingereza wauguzi walifundishwa kuwatuliza wagonjwa kwa mazungumzo maalumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba mazungumzo hayo yalipunguza athari za mshituko miezi sita baadaye. Kwa hiyo sidai kwamba maneno matamu yataponya kila kitu. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba asiyekula aulizwe, na sababu aliyoitaja iondolewe. Hilo halingoji mtaalamu kutoka nje. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza, muuguzi anaweza, na jamaa aliyetulia anaweza.

Je, haya ni mambo ya kigeni?

Wapo wanaosikia neno saikolojia wakadhani ni mambo ya Wazungu. Hebu tutazame hata historia ya chumba chenyewe. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na polio iliyowapooza watu vifua. Daktari wa dawa za usingizi, Bjørn Ibsen, alielekeza wagonjwa wapitishiwe hewa kooni kwa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono. Mashine hazikutosha, kwa hiyo wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kuibana mifuko ile, na vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata daktari huyo akaanzisha wodi ambayo ndiyo mama wa ICU zetu. Maana yake ni kwamba mwanzo kabisa kila kitanda kilikuwa na binadamu aliyeketi kando yake. Baadaye mashine ilikuja, na tukamwondoa binadamu.

Na sisi kwetu jambo hili si geni. Waislamu wanaijua talbina, uji wa shayiri. Katika hadithi iliyopokewa kwa Bi Aisha (r.a.), iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari, uji huo umesifiwa kuwa unaupumzisha moyo wa mgonjwa na kumwondolea sehemu ya huzuni. Tazama jinsi chakula na moyo vilivyotajwa pamoja. Bibi zetu nao hawakumpelekea mgonjwa bakuli wakaondoka. Walikaa, wakamwegemeza kifuani, wakaupoza uji kwa kupuliza, wakamsimulia habari za nyumbani, na kijiko kikaingia katikati ya habari.

Anaporudi nyumbani

Kutoka hospitali si mwisho. Wengi waliotoka ICU huota ndoto mbaya miezi mingi, huogopa kulala, husahausahau, na huchoka kwa hatua chache. Hamu ya kula hurudi taratibu sana. Mgonjwa wa namna hii apewe kidogo mara sita kwa siku badala ya sahani kubwa mara mbili. Kila anachokula kiwe na kitu cha kujenga mwili: yai, dagaa, maziwa, kunde, karanga, samaki. Ale pamoja na wengine. Mtu anayewekewa chakula chumbani peke yake mara nyingi hula kidogo kuliko aliye sebuleni na wajukuu. Akiwa bado anakonda baada ya wiki mbili, au akiwa analia bila sababu, au akisema hataki kuishi, arudishwe hospitali, na daktari aelezwe hayo yote, si kukonda peke yake.

Wanaokwenda kumtazama nao wawe na adabu. Wakae kidogo, waseme la heri, wamuombee dua. Wasimsimulie habari za fulani aliyepata maradhi kama hayo akafa. Hesabu za madeni zizungumzwe nje ya uwanja.

Sasa nirudi kwa mjomba. Yule kijana muuguzi hakutoa hotuba. Alikwenda akazungumza na mkuu wa zamu, wakapanga kwamba mzee atageuzwa na yeye au mwenzake mwanamume, na zamu isiyo na mwanamume nitaitwa mimi. Alituomba tulete jiwe dogo safi, akamsaidia kutayamamu. Mjomba alisali Adhuhuri amelala, kwa kuashiria. Baada ya hapo aliomba uji mwenyewe. Alikunywa nusu kikombe. Siku ya tatu alimaliza kikombe na kuuliza kama hakuna samaki.

Sisemi kuwa alipona siku hiyo. Alirudi nyumbani mifupa mitupu, na ilimchukua miezi minne kutembea hadi msikitini bila mkongojo. Lakini madaktari walituambia kwamba siku moja au mbili zaidi bila chakula, wangemrudishia mpira, na kifua chake kilikuwa tayari kimeanza kujaa.

Uji ulikuwa uleule, na kikombe kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliyevuta kiti akauliza. Basi ndugu msomaji, ukiingia leo au kesho kwa mgonjwa wako ukakuta chupa ya uji imejaa, usianze kwa kukaripia. Msalimie, kaa, muulize, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Ndipo ushike kijiko.